Maji Yasiyoingia Mtungini

Huko Kilungu watu wakilima matuta huimba, na wimbo ukishamshika mtu haumwachi. Ukigombana na jirani mtapatana. Ukiteleza ukaanguka mbele ya kanisa watu watacheka, kisha watasahau. Lakini Muthoki akikutia kwenye wimbo wa mwethya, umekwisha. Utaimbwa juu ya matuta, utaimbwa chini bwawani, na watoto watakubeba mdomoni mpaka kisimani.

Mwethya ni ule umoja wa kina mama wa kusaidiana kazi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wanasimama mistari miwili kwenye mteremko, wa juu na wa chini. Mwimbishaji anatoa neno, wenzake wanaitikia, na kwenye kuitikia ndipo majembe yanapoanguka pamoja. Akiita wa juu, wa juu wanatupa udongo na wa chini wanapumua. Akiita wa chini, inakuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna anayechoka kabla ya mwenzake. Na mwimbishaji wa mwethya wa Kilungu, miaka mingi, alikuwa Muthoki, mama mnene wa sauti kama tarumbeta ya Jeshi la Wokovu.

Mwaka huo wa tisini na nne, Muthoki alikuwa amemtia kwenye wimbo Mutindi, binti ya Kalunde. Mutindi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mukuyuni, mwalimu wa kusaidia tu, bado hajaenda chuo. Likizo moja akaenda kupika kwenye kambi ya Wahome. Huyu Wahome alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa dukani kwa baba yake pale Emali, na alikuwa ameanzisha kazi ambayo hakuna aliyeielewa: kupakia wageni kwenye mtumbwi wa mpira na kuwateremsha mto Athi pale maji yanapochafuka na kutoa povu. Mutindi alienda na sufuria. Likizo ilipoisha hakurudi kwenye chaki, alibaki na kasia. Miaka miwili ikapita, na sasa yeye ndiye aliyekaa nyuma ya mtumbwi akiuongoza.

Muthoki akaimba:

*Chaki ameiacha mezani,*
*watoto wanamngoja darasani,*
*yeye anahangaika na maji yasiyoingia mtungini.*
*Ni nani huyo?*

Na wenzake, majembe yakishuka: *Ni Mutindi!*

Ukambani maji si mchezo. Mwanamke anaamka nyota zikiwa juu aende kuyatafuta, na akimwaga kikombe kimoja anatazama pale yalipomwagika kama anayetazama kaburi. Kwa hiyo kusema mtoto wa mtu anacheza na maji, tena maji mengi namna ile, ni neno linalouma. Kalunde aliitikia kama wengine, maana usipoitikia jembe lako litaanguka peke yake, na kila mara moyo ulikuwa unamuuma.

Sasa wimbo ukamfikia Musembi, shemeji yake Kalunde. Musembi hakuwa mtu mbaya. Kaka yake, baba ya Mutindi, alipofariki, yeye ndiye aliyembeba Mutindi kwa baiskeli mpaka Mukuyuni siku ya kwanza ya kufundisha, na kuni za Kalunde hazikuwahi kuisha. Lakini alikuwa mzee wa kanisa, na wimbo ulikuwa unamfuata hata kwenye ibada. Akaja akakaa kwenye kigoda, akamwambia Kalunde kwamba amezungumza na mwalimu mkuu, na nafasi ya Mutindi ingalipo mpaka shule zifunguliwe Januari. Mtoto aitwe nyumbani. Na mama ndiye wa kumwita, maana akiitwa na baba mdogo atakataa, lakini mama akisema njoo, atakuja.

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtisha Kalunde. Alijua akituma neno moja tu, Mutindi ataweka kasia chini. Je, itakuwa haki? Kazi yenyewe hajawahi kuiona. Na akienda kuiona peke yake, akirudi na kusema ni nzuri, nani atamsikia? Mama humsifu mwanawe hata akiwa na makengeza.

Basi akamwomba shemeji yake amngoje mpaka Januari, akaanza kufikiri juu ya safari.

Kila Desemba, palizi ikiisha, mwethya ulikuwa unafanya safari. Walishaenda Nairobi kuona wanyama waliokaushwa. Walishaenda Mombasa, na Muthoki akarudi na chupa ya maji ya bahari ya kupaka magoti. Chupa hiyo ilikuwa imeisha na magoti yalikuwa bado yapo, kwa hiyo Jumapili ya kuchagua safari, nje ya kanisa, Muthoki alisimama wa kwanza akataja Mombasa tena. Kina mama wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye neno.

Kalunde akasema, "Twende Athi. Tupande ule mtumbwi."

Walicheka mpaka mmoja akashika mti. Athi, yale maji waliyokatazwa na mama zao tangu utoto? Wapande puto? Mwingine akauliza kama mamba nao wanalipiwa au wanakula bure. Muthoki akasema yeye amezaa, amezika, na amelima, lakini hajawahi kumfuata mamba nyumbani kwake.

Mwenyekiti akasema watapiga mlolongo, kama ule wa uchaguzi wa serikali, ila wao hawataiba. Anayetaka Mombasa asimame nyuma ya Muthoki, anayetaka Athi nyuma ya Kalunde. Mstari wa Muthoki ukarefuka mpaka kwenye choo cha kanisa. Nyuma ya Kalunde palikuwa na upepo tu.

Ndipo Kaluki akainuka. Alikuwa mkubwa kuliko wote, mgongo umepinda, na kwenye mwethya kazi yake ilikuwa uji. Akachukua fimbo yake akapita mbele ya mstari wote wa Mombasa, polepole, akaja akasimama nyuma ya Kalunde. Mwenyekiti akamuuliza kama amekosea mstari.

"Sijakosea," Kaluki akasema. "Bahari nimeiona. Tulitazamana, haikuwa na neno na mimi. Lakini Athi ndiyo iliyonileta kwenu."

Kisha akawasimulia jambo ambalo wachache walilijua. Alikuwa mtoto wa Ikutha, ng'ambo ya mto. Siku ya kuletwa Kilungu kuolewa, mto ulikuwa umejaa, na wajomba zake wakambeba begani kuvuka. Wakamwambia afumbe macho asiogope. Akayafumba. Alipoyafumbua alikuwa upande wa pili, ni mke wa mtu, na Ikutha iko nyuma. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye maji yale. Alitaka kuyaona kabla hajafa, akasema, kwa sababu ni aibu kuvushwa na kitu usichokijua sura.

Watu wakaacha kucheka. Mmoja akatoka mstari wa Muthoki, kisha wawili walio dada, kisha ikawa kama kuku wakitoka bandani. Mwishowe Muthoki akageuka akaona amebaki na choo cha kanisa. Akasema haya, yeye pia atakwenda, maana mkifa nani atawaimbia matanga?

Walishuka kwa lori la kubebea ng'ombe, lililofagiliwa na kuwekwa viti vya kanisa, wakafuata barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, kisha wakaingia ile ya vumbi inayokwenda Ikutha. Njia nzima Muthoki aliimba, na Kalunde alikuwa anaomba Mungu wimbo fulani usitoke. Haukutoka. Muthoki si mtu wa kumwimba mtu machoni pake. Wimbo wa namna ile huimbwa ukiwa umempa mwenyewe mgongo.

Mutindi alikuwa anawangoja kwenye mchanga. Kalunde alimwona kabla hajamtambua. Aliona msichana mrefu mweusi wa jua, mabega yamejaa, amevaa kaptura na jaketi la kuelea, anavuta kamba ya mtumbwi huku anaongea na mwenzake Kilonzo bila kutazama mikono yake. Ni mikono ile ndiyo iliyomwambia ni nani. Marehemu baba yake alikuwa anafunga ng'ombe hivyo hivyo, macho kwingine, mikono inajua.

Mutindi akawasalimu mmoja mmoja, kwa kupokea vikapu vyao kwanza, kama mtoto aliyelelewa. Kwa Muthoki akainama zaidi. Hakujua lolote juu ya wimbo.

Akawaambia ya kwamba mto una sehemu tatu za kuchagua. Juu kuna maji ya kulala, ambako hata mbuzi anaweza kupelekwa. Katikati kuna maji ya kuamka, yana mawe na mawimbi lakini yanapitika. Chini kabisa kuna poromoko ambako Wahome huwapeleka wazungu wenye nguvu. Yeye asubuhi hiyo alishapita ukingoni kwa miguu akaziona zote tatu, kwa sababu maji ya jana si maji ya leo. Amewachagulia ya katikati, na wakifika kwenye poromoko watashuka watembee.

Kina mama walikuwa wamepata ujasiri wa lori. Wakaanza kumtania. Wametoka Kilungu kuja kutembea? Huko kwao hakuna njia? Muthoki akasema kama ni kutembea, angetembea Mombasa. Hata Kilonzo akacheka, akasema labda leo poromoko si kali sana.

Mutindi alicheka nao. Kisha akasema, "Mkinichukia mkiwa wazima, nitafurahi."

Akawageukia na kuanza kuwafunga jaketi. Kalunde aliona hakubishana wala hakukasirika, na neno lake lilibaki pale pale lilipokuwa. Akakumbuka miaka ambayo yeye mwenyewe alimwita binti huyu mkaidi. Kumbe ukaidi nao una shamba lake, ukipandwa mahali pake unazaa.

Aliwafundisha mtumbwi ukiwa bado mchangani. Akisema mbele, wote wavute. Akisema nyuma, wasukume. Akisema acha, waache. Walipoingia majini kila mmoja alikaa kama alivyozoea kusimama shambani, bila kuambiwa: wa juu wote upande wa kushoto, wa chini wote kulia, Muthoki mbele. Kaluki aliwekwa katikati kama yai. Mutindi aliwatazama walivyojipanga, akatabasamu, akawaacha hivyo. Kilonzo akafuata nyuma na mtumbwi mdogo wa kuokoa.

Mwanzoni ilikuwa raha. Upande mmoja ule ukuta mrefu wa mwamba wa Yatta ulikuwa umelala kama ng'ombe aliyeshiba, upande wa pili mikoma, ile mitende ya porini, iliinamia maji. Viboko walitoa pua wakazirudisha. Mutindi alikuwa anawaonyesha maji kama mtu anayeonyesha shamba lake: pale pameinuka kidogo, chini kuna jiwe, pale panapozunguka, maji yanapumzika, na sisi tukichoka tutapumzika nayo. Mahali pamoja aliwaegesha, akaruka, akapanda juu ya mwamba peke yake, akasimama akitazama chini kwa muda mrefu. Kina mama wakaanza kunong'ona. Kalunde hakunong'ona. Alikuwa anamtazama mwanawe akitazama maji, na akaona haya kidogo, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta mwingine anaomba.

Aliporudi alisema mbele kuna jiwe moja kubwa katikati, na njia iko kushoto kwake. Wasikilize sauti yake tu.

Basi wakaingia.

Maji yaliwapokea kwa kelele ambayo hakuna aliyeitegemea. Mtumbwi ulipanda ukashuka, wimbi likampiga Muthoki usoni, na Muthoki akafanya jambo ambalo mtu wa mwethya hufanya akiogopa, akichoka au akifiwa. Akafungua kinywa akaimba. Na kwa kuwa mtu aliyeshtuka hachagui wimbo, ukatoka ule uliokuwa karibu zaidi na ulimi.

*Chaki ameiacha mezani—*

Kalunde aliinua mkono kuwazuia. Akataka wanyamaze, lakini kina mama walikuwa wameshaipata sauti waliyoijua na wakaikumbatia. Wakaitikia, na kwenye kuitikia wakavuta, wote, pande zote mbili, kwa nguvu ya watu waliochimba bwawa kwa mikono. Mtumbwi ukaenda mbele kama ng'ombe aliyeona maji. Mbele lilikuwa jiwe.

"Nyuma!" Mutindi akaita. Hakuna aliyesikia. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wametii sauti moja, na sauti hiyo ilikuwa inaimba kwamba watoto wanangoja darasani.

Kalunde akageuka. Aliuona uso wa mwanawe pale maneno yalipomfikia, maana yalimfikia: *maji yasiyoingia mtungini, ni nani huyo?* Uso ukakunjamana mara moja, kama wa mtoto aliyepigwa na mtu anayempenda. Halafu ukakunjuka. Mutindi akavuta pumzi, akaingia kwenye wimbo kupitia mlango ule ule aliofunguliwa.

*Ni mimi Mutindi!* akaimba, sauti yake ikapanda juu ya ya Muthoki. *Wa juu wapumzike! Ni mimi Mutindi! Wa chini watupe!*

Makasia ya kushoto yakasimama hewani. Hawakufikiri, mikono ndiyo iliyosikia. Ya kulia yakashuka pamoja, wakatupa maji kama wanavyotupa udongo. *Wa chini watupe!* Yakashuka tena. Pua ya mtumbwi ikageuka kushoto, polepole, kama mzee anayegeuza shingo, jiwe likapita karibu nao, jeusi, linatiririka maji, hata Kaluki akanyoosha mkono akaligusa. Kisha Mutindi akaita wote, wa juu na wa chini, na wimbi la mwisho likawatema kwenye maji yaliyolala.

Maji yalidondoka kutoka kwenye vitambaa. Muthoki aliuangalia mto, akaangalia kasia, hakuangalia nyuma.

Mutindi ndiye aliyeongea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza habari za ng'ombe nyumbani.

"Mwaitu," akamwambia mama yake, "huo wimbo una beti ngapi?"

Kalunde akajibu kwamba ni moja.

"Basi haujaisha," Mutindi akasema, akatia kasia majini.

Chini kidogo waliegesha mahali penye mchanga mpana. Mutindi alisema wazee wa pale wanasema hapa ndipo watu wa Ikutha walikuwa wanavukia zamani. Akamshika Kaluki mkono, wakashuka wawili mpaka maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Kaluki akasimama akayatazama, upande mpaka upande. Alikaa hivyo mpaka wengine wakakaa chini. Mwishowe akasema tu, "Kumbe ilikuwa nzuri hivi," na Kalunde hakujua kama alimaanisha Athi au siku ile ya kuvushwa.

Kwenye poromoko walishuka wakatembea, na hakuna aliyetania. Walilisikia kabla ya kuliona. Walipoliona, maji yote ya mto yakijitupa kwenye ufa wa mawe na kupanda tena kama moshi, yule aliyeuliza kama mamba wanalipiwa alimshika Mutindi kiuno kwa nyuma, akaegemeza kichwa mgongoni pake.

Januari ilipoanza, mvua ilikuwa imebomoa ukingo wa bwawa, na mwethya ukakutana kuurudisha. Musembi alikuja akisukuma baiskeli, maana wiki hiyo shule zilikuwa zinafunguliwa na mwalimu mkuu alikuwa anataka jibu. Alimkuta Kalunde kwenye mstari wa chini, jembe mkononi. Kabla hajamsalimu vizuri, Muthoki akafungua kinywa, na Musembi akainamisha kichwa kama mtu anayesikia mvua ya mawe inakuja.

*Chaki ameiacha mezani,*
*watoto wanamngoja darasani,*
*yeye anahangaika na maji yasiyoingia mtungini.*

Majembe yalikuwa juu. Muthoki akayaacha juu, akavuta pumzi, akaendelea.

*Mtungini hayakuingia,*
*yaliingia kinywani mwangu,*
*jiwe likaja, tumbo likafa,*
*aliyenigeuza pua ni nani?*

*Ni Mutindi!* Na majembe yakashuka, ardhi ikatikisika.

Musembi aliinua kichwa. Alisubiri kuona kama kuna kicheko kimefichwa humo, kwa sababu anamjua Muthoki. Wimbo ukazunguka tena, na hakukiona. Alitazama mistari miwili ya kina mama, wa juu wakitupa, wa chini wakipumua, akamtazama Kaluki kule kwenye chungu cha uji, naye anaitikia na mwiko.

"Nimwambie mwalimu mkuu nini?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Kalunde akafuta jasho kwa leso. Alikuwa amelipanga jibu hili tangu kwenye lori la kurudi, lakini sasa aliona halihitaji mapambo.

"Mwambie atafute mwingine," akasema. "Huyu ana kazi."

Musembi akaizungusha pedali ya baiskeli kwa mguu. Kisha akauliza kama ni kweli mtumbwi wenyewe ni wa mpira mtupu, na kama mtu mwenye ndevu za kanisa anaweza kukaa humo bila kuchekwa. Kalunde hakupata nafasi ya kumjibu. Muthoki alikuwa ameita wa chini.